Singer 15K: namna ya kukifungua kichwa kilichoganda

Cherehani ya zamani ikigoma kuzunguka, mwenye nayo husema imekufa, na mnunuzi hufurahi kwa sababu bei inashuka. Huenda wote wawili wamekosea. Kichwa cha Singer 15K ni cha chuma cha kusubu, na vyuma vyake vya ndani ni vigumu kiasi kwamba mpaka leo wapo mafundi wanaojipatia riziki kwa mashine za aina hii zilizotengenezwa kabla babu zao hawajaoa. Kinachoikamata hivyo kwa kawaida ni mafuta yaliyokauka, au kutu, au uzi uliojibana mahali pasipoonekana. Kila kimoja kina dawa yake. Anayekimbilia dawa kabla ya kujua ugonjwa ndiye anayeiua mashine ambayo ilikuwa imelala tu.

Kichwa ninachokichambua hapa kilitoka kwenye cherehani ya miguu, na namba yake ya kiwandani inaanza na Y. Herufi hiyo inasema mengi. Kuanzia 1900 Singer waliweka herufi mbele ya namba; Y ni ya kiwanda chao cha Kilbowie, mjini Clydebank, Uskoti, katika miaka ya 1920 hadi katikati ya miaka ya 1930, kisha zikafuata herufi mbili zinazoanza na E. Hata ile K ya 15K ni ya Kilbowie. Kiwanda kilifunguliwa 1885, mwaka 1913 pekee kikatoa mashine zaidi ya milioni moja na laki tatu, na kikafungwa 1980. Anayekusanya cherehani aziweke hesabu hizo kichwani kabla ya kufungua pochi, maana kitu kilichotengenezwa kwa wingi namna hiyo hakiwi adimu kwa uzee peke yake.

Hapo ndipo wajanja hupata mlango. Utaonyeshwa kibandiko cha madini chenye maandishi 1851–1951 na kuapiwa kwamba mashine ni ya 1851. Mwaka huo ndio Isaac Singer alipopata hataza yake ya kwanza ya cherehani. Kibandiko chenyewe kilibandikwa kuadhimisha miaka mia, kwa hiyo mashine ni ya miaka ya hamsini hivi. Uongo mkubwa zaidi ulitokea Saudi Arabia mwaka 2009, pale uvumi ulipoenea kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani ya sindano. Watu walisogeza simu za mkononi karibu na sindano. Mtandao ukikatika, basi mali imo! Bei zikapaa hadi makumi ya maelfu ya dola. Kilichonichekesha ni kwamba sindano ndiyo sehemu rahisi kuliko zote katika cherehani, na mashine ya umri huo imeshatupa sindano zisizo na idadi.

Thamani ya 15K kwa anayetaka kuifufua iko kwingine kabisa. Ukoo wake unaanzia 1879, na baada ya Vita Kuu ya Pili viwanda vya Japani viliunakili kwa wingi, China nayo ikafuata. Butterfly ya Kichina inayopigwa barazani kuanzia Kariakoo hadi Gikomba ni ya ukoo huo huo. Bobini ni ile ile, kesi ya bobini ni ile ile, sindano ni ile ile. Ukivunja springi ya tensheni ya mashine ya Clydebank, unavuka barabara na kuinunua katika duka la vipuri vya Butterfly. Linganisha na Singer 28K, ile ya mkono yenye shato refu lenye umbo la risasi na bobini nyembamba kama kijiti: nzuri mno kwa macho, lakini shato lake likipotea utalitafuta hadi uchoke. Kwa hiyo anayeanza, aanze na 15.

Sasa tuingie kazini.

Gurudumu la mkono halikusogea hata unywele. Kipimo cha kwanza ni kulegeza kile kishikizo cha duara kilicho katikati ya gurudumu, ambacho fundi hukilegeza anapojaza bobini ili sindano isipande na kushuka. Kikilegea na gurudumu likazunguka peke yake, basi kilichokwama kiko ndani ya kichwa. Gurudumu likigoma hata hivyo, tatizo la kwanza liko palepale. Hili liligoma. Ukiitoa skrubu ndogo iliyo usoni mwa kishikizo, kishikizo chote kinatoka, na nyuma yake kuna washa yenye masikio matatu. Washa hiyo ipigie picha au iwekee alama kabla hujaigusa. Ikirudi kinyume, skrubu ndogo hugonga sikio mapema, kishikizo hakikazi wala hakilegei inavyotakiwa, na fundi hujikuta anaisingizia shafti. Dawa ni kuigeuza nusu mzunguko tu.

Gurudumu lilipovutwa, mwizi akaonekana: uzi mweusi kwa grisi, umejiviringisha nyuma yake mizunguko kwa mizunguko hadi ukawa mgumu kama pete. Ulikatwa kwa ncha ya kisu na kutolewa vipande vipande kwa kibano. Baada ya hapo gurudumu lilicheza kidogo, likakwama tena. Basi ugonjwa ulikuwa zaidi ya mmoja.

Tazama rangi. Unga mwekundu ni kutu. Utando wa kahawia unaong'aa, unaonata ukiupasha moto, ni mafuta yaliyoganda. Katika kichwa hiki kila kiungo kilikuwa na utando huo wa kahawia, na sababu yake inajulikana na kila anayefungua mashine za mitaani: mtu fulani, siku mafuta ya cherehani yalipoadimika, alitia mafuta ya kula. Mafuta ya mimea yakikaa hewani hushikana na oksijeni na kugeuka utomvu mgumu, kama ule unaoganda nyuma ya kikaango. Hayalainishi tena, yanagundisha. Mafuta ya injini nayo hayafai, ni mazito kwa vitundu vidogo hivi, ingawa madhara yake huja taratibu.

Mafuta ya taa huyeyusha utomvu huo. Yadondoshwe matone katika kila kitundu cha kutilia mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma, kisha kichwa kiachwe usiku kucha. Mahali pagumu papashwe moto: kikaushia nywele kinatosha, moto wa stovu hapana, kwa sababu ya rangi. Halafu gurudumu linatikiswa kwa mkono, mbele na nyuma, kidogo kidogo. Anayeshika koleo au nyundo hapa anatafuta kuvunja kiungo cha chuma cha kusubu, na kiungo hicho hakichomelewi kikarudi kuwa kilivyokuwa.

Sehemu tatu husahaulika. Ya kwanza ni nyuma ya kifuniko cha upande wa kushoto, zinakopita fimbo ya sindano na fimbo ya futi. Hapo ndipo utomvu hupenda kukaa, juu kabisa, ambako mafuta ya fundi mvivu hayafiki. Ya pili ni nyuma ya nguzo ya mashine, chini ya kile kifuniko cha duara: humo mna uma unaopeleka mwendo wa shafti ya juu hadi chini. Ya tatu ni tumboni, ukikiinamisha kichwa. Kichwa hiki kilikuwa kimeshikwa zaidi kwenye fimbo ya sindano. Ilipoachia, gurudumu lilizunguka mzunguko mzima, na uchafu wa rangi ya chai ukaanza kutiririka chini. Huo uchafu ufutwe, mafuta ya taa yatiwe tena, ufutwe tena, mpaka yatoke meupe. Kisha, na hili si la hiari, mafuta safi ya cherehani yatiwe kila mahali yalipopita mafuta ya taa. Mafuta ya taa huacha chuma kikavu, na chuma kikavu kinachozunguka hujila.

Neno moja kuhusu bisibisi. Skrubu za Singer zina nyuzi za vipimo vyao wenyewe, na skrubu ya duka la vifaa vya ujenzi ikilazimishwa humo itakula nyuzi za tundu. Kila skrubu inayotoka iwe na mahali pake pa kulala, na bisibisi ijae kwenye mfereji wa skrubu kikamilifu. Skrubu zenye vichwa vilivyochubuka ndizo zinazokuambia mashine imepita mikononi mwa nani.

Kuzunguka si kushona. Kiini cha cherehani hii ni kukutana kwa sindano na shato, na hapa ndipo ningeshauri mtu atumie muda wake mwingi. Sindano inashuka na uzi wa juu hadi mwisho wake, halafu inapoanza kupanda, kama milimita mbili au mbili na nusu, uzi unaobaki nyuma yake unatunisha kitanzi kidogo. Wakati huohuo ncha ya shato inapita karibu kabisa na sindano, juu kidogo ya tundu lake, na kukinasa kitanzi. Shato la 15 halizungushi duara kamili. Linakwenda na kurudi. Likishakivusha kitanzi kuizunguka bobini, linakiachia, mkono wa juu unauvuta uzi, na mshono umefungwa. Ncha ikichelewa au ikiwahi, mshono unaruka.

Kabla hujagusa mpangilio huo, hata hivyo, kagua yaliyo rahisi. Upande bapa wa sindano utazame upande inakopita ncha ya shato, na mfereji mrefu utazame upande unakoingilia uzi. Sindano ipande hadi ikome. Nimeona shato likilaumiwa, likifunguliwa, likichongwa, na kosa lilikuwa sindano iliyogeuzwa.

Shato la kichwa hiki lilitolewa sindano ikiwa juu kabisa. Ndani ya nyumba yake mlikuwa na vumbi la pamba lililoshindiliwa likawa kama kipande cha zulia, na jingine la namna hiyo chini ya bamba la sindano, katikati ya meno. Meno yaliyojaa hivyo hayapandi vya kutosha, kitambaa hakisogei, na mwenye mashine huanza kukivuta kwa mkono. Sindano zinapinda, zinagonga shato. Ndivyo ilivyokuwa: ncha ilikuwa na kikwaruzo, hukioni kwa macho lakini ukipitisha uzi wa hariri unanasa. Ulitumika msasa laini sana, ule wa maji wa namba elfu na kuendelea, kuelekea nchani tu, hadi uzi ukateleza. Ukizidisha, umeifupisha ncha, na hapo utanunua shato jipya. Tone moja la mafuta kwenye njia yake, basi.

Tensheni ya juu ilifunguliwa yote. Sahani zake mbili hutazamana kwa migongo yake iliyotuna, na katikati yake kulikuwa na nta na nyuzi za miaka. Uchafu huo unaziachanisha sahani, uzi unapita bure, na chini ya kitambaa kunatokea vitanzi. Watu wengi wakiona vitanzi chini hukaza bobini, wakati kilicholegea kiko juu. Kwa upande wa bobini, kipimo ni cha zamani na hakijapata mbadala: ning'iniza kesi kwa uzi wake, itulie, itikise kidogo kwa mkono, ishuke kidogo isimame. Ikianguka moja kwa moja, kaza ile skrubu ndogo ya kwenye springi bapa, robo mzunguko au pungufu. Kisha jaribu kwa uzi mwekundu juu na mweupe chini kwenye kitambaa cha pamba mara mbili. Nukta nyeupe zikitokea juu, tensheni ya juu imezidi. Nyekundu zikitokea chini, imepungua.

Rangi nimeiacha mwisho makusudi, na ushauri wangu ni mfupi: usipake. Weusi wa Singer ulichomwa kwenye tanuri, maua ya dhahabu yakabandikwa juu yake, na juu ya maua ikapakwa shelaki. Spiriti inayeyusha shelaki, kwa hiyo kitambaa kimoja chenye spiriti kinaweza kuondoka na maua ya miaka tisini kwa dakika moja. Sabuni kali zenye amonia huyageuza kuwa rangi ya fedha. Mafuta yenyewe ya cherehani na pamba laini, kwa mzunguko wa polepole, hutoa uchafu wa kutosha. Kichwa hiki kimechubuka pale mkono wa kulia wa mshonaji ulipokuwa ukipumzika, na nikeli ya kifuniko cha bobini imekwisha. Vyote vimebaki. Mashine iliyopigwa rangi ya dawa ya kopo inang'aa kwenye picha, lakini mnunuzi anayejua huanza kujiuliza rangi hiyo inaficha nini.

Kilichobaki ni mkanda. Ngozi mpya hurefuka, kwa hiyo ukatwe ukiwa umekaza kiasi tu, ufungwe kwa kibanio chake cha waya, ushonewe siku chache, halafu ukatwe tena pungufu kidogo. Ukiubana kupita kiasi tangu mwanzo, pedali inakuwa nzito na utadhani kichwa kimeanza kuganda upya. Na gurudumu lizungushwe kumwelekea mshonaji daima. Pedali ikianza kinyume, uzi unajisokota chini au unakatika. Kwenye jinzi iliyokunjwa tabaka nne, kwa sindano namba 16, kichwa hiki kilipita bila kusaidiwa na mkono.