Mkono wa Kulia, Kofia Kwapani

Katika migodi ya Shinyanga na Geita yupo fundi asiyeshika sururu wala kuwasha karasha. Ni mkalimani wa mkutano wa kijiji: huku meneja aliyetoka Afrika Kusini au Australia, kule wazee wa Kisukuma. Kutafsiri maneno anakujua, lakini sifa zangu leo ni za mikono na macho yake.

Mtazame anavyofika. Kabla hajakaribia mwembe wa mkutano ameshavua miwani ya jua, na kofia ngumu iko kwapani, maana mzee hasalimiwi na mtu aliyeficha macho. "Mwangaluka" ikiwa asubuhi, "Mwadila" jua likigeuka. Anatoa mkono wa kulia, wa kushoto umeshika kiwiko chake mwenyewe, mgongo umeinama kidogo. Kisha haharakishi. Mvua, pamba, ng'ombe, watoto: ataulizwa yote na atayajibu. Meneja amekunja nne, soli ya kiatu inamtazama mzee usoni, naye anaangalia saa. Fundi wetu anamgusa goti tu, mguu unashuka.

Kazi kubwa iko kwenye ukimya. Mama akiinamisha macho anapoulizwa habari za fidia ya shamba, mgeni ataandika kwamba anaficha jambo, kumbe anamstahi. Mzee akinyamaza baada ya bei kutajwa, mgeni ataandika kwamba amekubali. Mkalimani hodari atasema hapohapo: "Bado. Anataka akashauriane na nduguze." Kwa sentensi hiyo moja, mshahara anaolipwa ni mdogo.

Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, na tangu hapo wageni hawajakatika. Ila ufundi huu haukuanzia kwao. Katika machimbo ya Nyarugusu na Rwamgasa, Mkurya, Muha, Mhaya na Msukuma huteremka duara moja, yaani shimo moja la kuchimbia, bila mkalimani. Huko mtu huitwa kwa kiganja kilichoelekea chini. Ukimwita kwa kidole umemtukana. Hata kwenye masoko ya madini yaliyofunguliwa mwaka 2019, mzani ukiwa wa haki na noti zikatolewa kwa mkono wa kushoto, muuzaji ataondoka amenuna.

Kampuni humfundisha mgeni usalama wa mgodini siku anayowasili. Ziongeze somo la salamu, alifundishe mzee wa kijiji, naye alipwe kama mtaalamu mwingine yeyote.