Katuni nayo ina mswada wake

Wahakiki wetu wana mazoea ya kuchambua lugha ya katuni za magazetini kana kwamba kilichochapishwa ndicho hasa alichokiandika mchoraji. Mazoea hayo yana walakini, na chanzo chake ni kwamba michoro asilia hatuihifadhi.

Chukua Juha Kalulu, mhusika wa Edward Gitau aliyewachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi. Jina lenyewe ni darasa. 'Juha' ni mjinga, na Waarabu wana visa vyao vya Juha. 'Kalulu' kwa Wachewa wa Malawi ni sungura, yule mjanja wa ngano. Mjinga na mjanja ndani ya mtu mmoja! Je, Gitau alikusudia hivyo, ama ni masikio yetu tu? Gazeti halitujibu. Rasimu za mwanzo za mchoraji ndizo zingeweza kutupa fununu.

Enzi za kalamu na wino, mchoraji alianza kwa penseli kisha akapitisha wino juu yake, aghalabu kwenye karatasi kubwa kuliko nafasi ya gazetini. Alipokosea, alipaka rangi nyeupe au kubandika kipande cha karatasi, akaandika upya. Kwa hiyo neno la kwanza lingali chini ya lile la pili. Tuseme kiputo kilikuwa na 'hii mtu' kikageuzwa 'mtu huyu'. Nani aliyegeuza, mchoraji au mhariri? Bila karatasi hiyo, msomi atamsifu mchoraji kwa usanifu wa mhariri, au atamlaumu kwa kosa la mpigachapa.

Tatizo jingine ni la istilahi. Riwaya ina mswada, tamthilia ina mswada. Katuni tunaiita 'picha' basi. Kisichoitwa mswada hakitunzwi kama mswada.

Huku Kiuu, gazeti la jana hufungia watu bidhaa sokoni, na hilo si msiba. Nakala nyingine zimo maktabani. Lakini mchoro asilia ni mmoja tu. Paa likivuja juu ya sanduku la mchoraji, kwisha maneno. Na siku hizi wengi huchora na kuandika kwa kompyuta, ambako neno lililofutwa aghalabu haliachi alama.

Wenzetu walishtuka mapema. Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, kilianzisha maktaba ya katuni mwaka 1977 kwa kupokea kazi na karatasi za mchoraji Milton Caniff. Sisi tuna Chuo Kikuu cha Kenyatta papa hapa kwenye Barabara ya Thika, si mbali na Kiuu, na Kiswahili kinafundishwa humo. Idara ikiwaendea wachoraji wakongwe na jamaa zao kwa heshima, iombe hata kupiga picha michoro hiyo, itakuwa imeokoa mengi.

Ila tuwe na hadhari. Mwenye kukusanya ili apambe ukuta hutafuta mchoro safi, usio na doa. Mwanaisimu anautaka ule mchafu: wenye viraka, mistari ya penseli na maneno ya mhariri pembeni. Anayenunua ama kurithi michoro hii asiisafishe. Uchafu huo ndio historia ya Kiswahili chetu.