Kingo Zikishavuliwa, Kagua Nyuma ya Bati

Gari la porini likishavuliwa zile kingo za plastiki zinazotokeza juu ya matairi, wenye magari wengi humpima fundi kwa rangi. Ikiwa inang'aa na imefanana na mlango, basi wanatoa mkono wa pongezi na kulipa. Mimi nasema rangi iwe ya mwisho kuangaliwa. Kazi hii hukaguliwa mtu akiwa amepiga magoti, tochi mkononi, uso umeingia ndani ya tao la fenda, kwa sababu kila kitakachoharibika baadaye kitaanzia upande ule asiouona mteja.

Chukua Land Cruiser ya 80, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1990 na ambalo bado linatembea Arusha, Nairobi, Lubumbashi na kwingineko kana kwamba halijui kuzeeka. Lilitoka kiwandani kwa sura mbili. Lile la kazi halikuwa na kingo, bodi yake ilikuwa nyembamba na matairi yake membamba. Lile la fahari lilifungwa kingo pana ili zifunike matairi mapana. Kati ya ukingo na bati huwekwa utepe wa mpira, na hapo ndipo shida huanzia. Vumbi jembamba la Amboseli, ambalo lina magadi ndani yake, hupenya chini ya mpira ule. Gari likipita kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi, ukingo hutetemeka juu ya bati saa nzima, na vumbi lile hugeuka msasa. Rangi huliwa, praima huliwa, bati hubaki tupu. Mvua zikija, tope jeusi hujaa mle mle na kukaa na unyevu siku nyingi baada ya gari kuoshwa na kuonekana safi. Mombasa na Tanga ongeza chumvi ya bahari. Kwa hiyo anayevua kingo za gari la umri huo hafungui pambo tu. Anafungua jeraha lililofunikwa kwa miaka, na kazi yake yote ni namna anavyolitibu.

Jambo la kwanza la kuuliza ukifika gereji ni hizo kingo zenyewe ziko wapi. Fundi mzuri atakuonyesha, zimepangwa, masikio yake ya kufungia hayajavunjika, skurubu na klipu zimo kwenye kopo. Anayekuambia zilikatika zote wakati wa kuvua amekwambia mengi kuhusu mkono wake. Kingo nzima zina thamani: zinaweza kurudishwa, zinaweza kuuzwa, na kwa magari ya zamani vipuri vya aina hii havipatikani kila duka. Lakini sababu kubwa ya kuziangalia ni kwamba mkono uliovunja plastiki ndio huo huo uliokuwa umeegemea bati.

Tazama basi bati pale ukingo ulipokuwa umekaa. Fundi mwenye haraka huchomeka bisibisi bapa na kubenua, na kila alipobenua huacha kibonyeo kidogo chenye umbo la mwezi mchanga. Vibonyeo hivyo hujazwa puti na kusahaulika, hadi puti inapopasuka. Anayeijua kazi hubandika tepu kwenye rangi kwanza, hutumia kabari pana ya plastiki, na asubuhi yenye baridi huipasha moto plastiki kidogo ili isikatike. Kwenye Land Rover Defender, ambayo kingo zake hushikwa na ripiti za plastiki, husukuma pini ya kila ripiti ndani badala ya kung'oa kichwa chake kwa koleo. Kwenye Suzuki Jimny hufinya klipu kwa nyuma pale mkono unapofika, na pale usipofika huvuta polepole klipu moja moja akifuata tao.

Skurubu zilizoshika kutu ni mtihani mwingine. Zinataka mafuta ya kulegeza kutu yalale usiku kucha, kisha zikazwe kidogo kabla ya kufunguliwa, ili kutu iachie. Isipokubali, kichwa hutobolewa kwa drili. Wapo wanaoleta grainda. Grainda humaliza haraka, ila cheche zake ni chembe za chuma cha moto, na huruka mpaka kwenye kioo na mlango na kujichoma humo. Hapa pana ukaguzi ambao watu wachache huufanya: pitisha ukucha kwenye kioo kilicho karibu na fenda. Ukisikia vipele vidogo, grainda ilipita. Kwenye rangi, chembe zile hutoa madoa ya kutu kama ya kinyunyizi baada ya mvua chache, na mwenye gari atalaumu rangi bure.

Vipande vya klipu vilivyokatika navyo huenda mahali. Vingi hudondoka ndani ya bodi, chini kabisa, penye matundu ya kutolea maji. Likiziba tundu moja, maji yatasimama humo na kuozesha bati kutoka ndani. Gonga sehemu ya chini nyuma ya tairi kwa kiganja na usikilize kama kuna kinachogongana. Kisha chunguza matundu ya maji kwa waya mwembamba. Fundi anayejiheshimu hatakasirika ukifanya hivyo. Atakuwa ameshafanya mwenyewe.

Sasa tufike kwenye matundu, ambako fundi hodari na fundi wa kawaida huachana kabisa. Kila ukingo huacha safu ya matundu kwenye fenda, na kila tundu ni mlango wa maji. Yapo majibu matatu. La kwanza ni kuyasafisha, kuyapaka praima na kuyaziba kwa vizibo vya mpira. Hili ni jibu la heshima iwapo mwenye gari anakusudia kufunga kingo nyingine baadaye, na simlaumu fundi anayelipendekeza, hata kama halipendezi macho. La pili ni kuyachomelea. La tatu ni kubandika kitambaa au karatasi nyuma, kujaza puti mbele na kupaka rangi. Hili la tatu ndilo lililojaa mitaani, na siku ya kukabidhiwa gari huwezi kulitofautisha na la pili kwa macho. Puti hunywa maji. Maji yanayorushwa na tairi yatapiga karatasi ile kwa nyuma, yataingia kwenye puti, na rangi itavimba kiduara kidogo pale pale palipokuwa na tundu. Safu ya malengelenge yaliyopishana kwa nafasi sawa juu ya tairi ina maana moja tu.

Kuchomelea nako kuna daraja. Bati la fenda ni jembamba, kiasi cha milimita moja au pungufu. Mashine ya fimbo hulitoboa, na gesi ya karabaidi huleta moto mwingi kiasi kwamba bati hujikunja na kufanya tumbo. Inayofaa ni mashine ya waya na gesi, na hata hiyo huhitaji subira: nukta moja kwenye tundu hili, kisha tundu la mbali, kisha kurudi, kila nukta ikiachwa ipoe, na kipande cha shaba kikiwa kimeshikwa nyuma ili kinyonye joto na kuzuia chuma kilichoyeyuka kudondoka. Baada ya hapo fundi husaga kichwa cha nukta tu, bila kulila bati la kando. Ukitaka kujua kama amefanya hivyo, simama mwisho wa gari, inamisha kichwa na utazame ubavu wote kwa mshazari asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Bati lililopikwa kupita kiasi litaonyesha mawimbi. Kisha pitisha kiganja juu yake kikiwa na kitambaa chembamba katikati. Kitambaa kinaondoa mkwamo wa ngozi, na mkono unahisi vilima ambavyo macho hayaoni.

Sumaku husaidia pia. Ifunge kwa kitambaa laini, itembeze juu ya safu ya matundu ya zamani, na uone ikishika kwa nguvu ile ile kama inavyoshika mlangoni. Tabaka jembamba la puti juu ya bati lililochomelewa si kosa, na halizuii sumaku. Palipo na puti nene tupu, sumaku huachia. Kwa Defender usihangaike nayo, kwani fenda zake ni za alumini na sumaku haishiki chochote. Huko gonga kwa kucha na kusikiliza: bati hulia, puti hunyamaza. Alumini ina ugonjwa wake. Ikigusana na skurubu ya chuma penye maji ya chumvi, alumini ndiyo huliwa, nayo hutoa unga mweupe na kuinua rangi. Fundi aliyekwangua unga ule mpaka kufikia alumini safi na kupaka praima ya alumini amefanya kazi. Aliyepaka rangi juu yake hajafanya.

Sasa piga magoti. Ingiza tochi ndani ya tao. Nyuma ya kila tundu lililochomelewa moto umeunguza rangi ya kiwandani, na kama hapajapakwa kitu utaona duara jeusi au jekundu la kutu mpya. Hapo panatakiwa pasafishwe, papakwe praima, halafu nta au lami ya bodi. Tazama pia mdomo wa tao, pale bati la nje na la ndani yanapokunjwa pamoja. Kutu hupenda kukaa katikati ya mabati hayo mawili, na haifikiwi na msasa. Fundi mzuri huikata sehemu iliyooza na kuweka bati jipya. Wa kubahatisha huusaga mdomo mpaka unakuwa mwembamba na mkali, kisha anaupaka rangi nzito. Pitisha kidole kwa uangalifu: mdomo unaokata kidole siku moja utakata tairi, gari likiwa limebeba mzigo na tairi limepanda juu ya jiwe.

Tukija kwenye rangi, kuna kivuli kinachobaki. Bati lililokuwa chini ya ukingo halikupigwa jua, kwa hiyo rangi yake ni mbichi kuliko ya mlango. Kuing'arisha kwa mashine hupunguza tofauti kwa gari jeupe, lakini kwa kijani na rangi ya mchanga zinazopendwa na magari ya watalii kivuli hakiondoki. Namba ya rangi iliyo kwenye kibao cha Toyota, pembeni ya maandishi C/TR, inakupa rangi ilivyokuwa kiwandani, siyo ilivyo sasa baada ya jua la miaka mingi. Fundi rangi hodari huichukua namba hiyo kama mwanzo, akachanganya kwa jicho, akajaribu kwenye kipande cha bati na kukiweka juu ya mlango juani kabla ya kupuliza. Angalia pia rangi mpya inaishia wapi. Ikiishia kwenye ukingo wa bati au mstari wa bodi, itadumu. Ikififia katikati ya bati, mpaka wake utaanza kumenyuka. Na mipira ya milango isiwe na unga wa rangi: hiyo ni dalili ya tepu iliyobandikwa kwa haraka.

Liko jambo la mwisho ambalo fundi mwenye adabu hulisema kabla hajagusa skurubu hata moja, nalo ni matairi. Land Cruiser ya 80 yenye matairi ya upana wa 275 ikivuliwa kingo, matairi hutokeza nje ya bodi, na kuanzia siku hiyo mawe na tope vitarushwa ubavuni, kwenye vioo na kwa gari linalofuata. Jimny inafundisha vizuri zaidi. Ile ndogo inayouzwa Japani, yenye upana usiozidi mita 1.48 kwa mujibu wa sheria ya magari madogo ya huko, haina kingo pana na inapendeza hivyo. Ile kubwa yenye upana wa mita 1.645 ina bodi ile ile, ila ekseli zake ni pana zaidi, na kingo zipo kwa sababu hiyo. Ukizivua bila kubadilisha chochote, gurudumu linabaki nje. Fundi aliyekuuliza kuhusu rimu na matairi kabla ya kutaja bei, mpe gari. Kisha mrudie baada ya masika ya kwanza, mlitazame tao pamoja kwa tochi, na malipo ya mwisho yangoje siku hiyo ikiwa mlikubaliana hivyo tangu mwanzo.