Sikio la Mzee Ojwang

Kwa miaka mingi Wakenya wengi waliamini kwamba Mzee Ojwang Hatari ni Mjaluo wa damu. Ndivyo alivyosikika kwenye vichekesho vya runinga vya Vitimbi na Vioja Mahakamani, miaka nenda miaka rudi. Kumbe alikuwa Benson Wanjau, Mkikuyu. Sijui sifa gani ya mwigizaji inayoishinda hiyo.

Msikilize kwa makini. Kijaluo hakina sauti ya "sh" wala "z", kwa hiyo Ojwang akipandwa na hasira, shida yake ni "sida" na mzee mwenzake ni "msee". Hilo hata mtoto wa shule ataliiga kwa dakika mbili. Kazi ilikuwa pengine. Aliyelelewa kwa Kikuyu ulimi wake huzichanganya "l" na "r", ilhali Mjaluo hazimtatizi hata kidogo. Wanjau alilazimika kuufunga mlango wa lugha ya mama yake huku akiufungua wa jirani, tena akiwa katikati ya ugomvi na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, mke wake wa kwenye runinga, aliyekuwa hampi nafasi ya kupumua. Hasira humrudisha mtu kwenye lugha ya kwao. Yeye hasira zilimzidisha Uojwang.

Na hakuishia kwenye matamshi. Alijua mahali mzee wa aina ile huivuta silabi ya mwisho akitaka heshima, na mahali hunyamaza ghafla akigundua kwamba mkewe ndiye mwenye haki. Ujuzi huo hauandikwi kwenye muswada. Huokotwa na mtu aliyewasikiliza watu kwa miaka, na kuwapenda. Hapo ndipo ninapotofautisha mwigizaji na mwenye kudhihaki. Mwenye kudhihaki huchukua lafudhi akaacha mtu. Wanjau alitupa mtu mzima, mkaidi, mwenye kiburi na huruma, na lafudhi ikaja naye kama koti lake. Katika nchi ambayo siasa imewagombanisha Wajaluo na Wakikuyu mara nyingi, na ambayo ilimwaga damu baada ya uchaguzi wa 2007, kazi hiyo naiona kubwa kuliko vichekesho.

Macho yalipomsumbua uzeeni, wananchi walimchangia fedha za matibabu. Alifariki Nairobi tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78.

Kwa vijana wanaoingia kwenye runinga na redio leo nina ombi moja. Kabla ya kuigiza lafudhi ya mtu, nendeni mkakae naye, Kisumu au kwenye soko la Kongowea au la Gikomba, mkamsikilize akibishana bei, akifiwa, akimbembeleza mtoto. Kicheko kitakuja chenyewe.