Kanisa la Mgeni

Sisi tunaokaa Horohoro tumezoea kuona watu wakivuka mpaka na mizigo yao. Ipo mizigo isiyokaguliwa: lugha, nyimbo na namna ya kusali. Wagiriki waliokuja enzi za Wajerumani kufanya kazi za reli, na baadaye kumiliki mashamba ya mkonge, walikuja nayo. Walipojaliwa, walijenga makanisa ya Kiorthodoksi chini ya Patriaki wa Aleksandria.

Tulisome jengo la Kiorthodoksi kama tunavyosoma mahubiri. Juu ni kuba, na ndani yake huchorwa Kristo Mwenye Enzi akiwatazama walio chini. Mbele ni ukuta wa picha takatifu wenye milango mitatu, uliosimama kati ya waumini na madhabahu. Mlutheri aliyezoea altare iliyo wazi hudhani watu wamefungiwa nje. Hukumu hiyo ni ya haraka. Kwa Waorthodoksi picha zile ni madirisha, na watakatifu waliochorwa husali pamoja na walio hai. Mtu aliye mbali na makaburi ya wazazi wake huingia akawakuta watakatifu aliofundishwa na mama yake. Faraja hiyo tusiidharau.

Kasoro tunaiona kwingine. Ukuta mgumu zaidi kwa mwenyeji ulikuwa lugha. Kigiriki kilimtunza mgeni, lakini hakikumwambia neno mkata mkonge. Hata jimbo la Dar es Salaam lilipewa jina la Irinoupolis, yaani mji wa amani kwa Kigiriki. Mashamba mengi yalipotaifishwa mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Wagiriki wengi waliondoka. Kanisa linalotegemea taifa moja hufunga mizigo pamoja na taifa hilo.

Hata hivyo Uorthodoksi ulibaki Afrika Mashariki, kwa sababu Waafrika walibisha hodi wenyewe. Reuben Spartas wa Uganda alitoka Anglikana mwaka 1929 akiutafuta. Padre Nikodemos Sarikas, aliyewahudumia Wagiriki wa Tanganyika, alikuwa miongoni mwa waliomwelekeza Aleksandria. Mwaka 1946 Waorthodoksi wa Uganda na Kenya walipokelewa rasmi, na liturujia ikasikika kwa lugha zao.

Tusiwahukumu Wagiriki tukajisahau. Azania Front, lenye mnara na vigae vyekundu, lilijengwa na Wajerumani kwa mtindo wa kwao. Kuta ni zilezile, ila leo zinaitikia nyimbo za Kiswahili na tunaliita kanisa letu. Basi nasi tujipime. Anayevuka mpaka Jumapili akaingia kwetu, je, anasikia matangazo kwa lugha anayoielewa? Anapata nafasi kwenye benchi, au anaulizwa kwanza ni wa ukoo gani? Paulo aliwaandikia Waefeso kwamba Kristo amekwisha kubomoa ukuta wa uadui. Usharika wa mpakani usiujenge upya.