Sauti za Mbali Katika Anga ya Kabati

Kuna uraibu usiomgharimu mtu ila subira na usingizi wa alfajiri, nao ni wa kutafuta katika redio ya kawaida vituo vya FM ambavyo, kwa kanuni ya maumbile, havikupasa kusikika mahali alipo. Na kwa kuwa wanaoushika ni wachache, na jirani zao aghalabu huwadhania kuwa ni watu waliokosa shughuli, nimeona si vibaya kuusemea maneno mawili matatu ya sifa.

Kabati, soko la Ukambani lililo penye njia panda, ambapo barabara ya Machakos na Kitui hukutana na ile iendayo Migwani, ni mahali pazuri pa kuutafakari uraibu huu, maana wakazi wake wana ada ya kale ya kuitazama mbingu. Wao huitazama kwa ajili ya mvua. Msikilizaji wa vituo vya mbali huitazama kwa ajili ya kinyume chake: usiku mkavu usio na wingu wala upepo, hewa imetulia tuli, ambao mkulima huuona kuwa ni dalili ya ukame, kwa msikilizaji ni neema, na ingawa jambo hili lina ukatili kidogo ndani yake, ndivyo anga ilivyoumbwa, wala hapana wa kulaumiwa.

Sababu yake ni hii. Mawimbi ya FM, yaliyo kati ya megahezi 87.5 na 108, hayana tabia ya yale mawimbi mafupi ambayo wazee wetu waliyategea usiku ili waipate Dar es Salaam au London, na ambayo hupanda juu, yakagonga tabaka za anga zenye umeme, yakarudi ardhini mbali sana. Haya ya FM yakipanda hupenya na kupotelea huko huko juu, na yakienda sambamba na ardhi hukoma karibu na pale dunia inapojipinda, hata mlingoti wa mita 100 uliosimama katika uwanda tambarare upeo wake ni kama kilomita 41 tu. Kilima huongeza, ndiyo maana mitambo hupandishwa juu ya vilele kama Vuria katika nchi ya Taita. Lakini kutoka Mombasa hadi Kabati ni zaidi ya kilomita 350. Kwa hiyo siku za kawaida redio hushika sauti za nyumbani, Musyi na Mbaitu kwa Kikamba, na za Nairobi kwa Kiswahili na Kiingereza, na penginepo ni mvumo mtupu.

Basi hutokea, hususan wakati wa kiangazi, kwamba ardhi huupoteza moto wake upesi usiku, hewa iliyoigusa ikapoa, ilhali ile iliyo juu yake ingali na uvuguvugu. Na mpaka huo kati ya ubaridi wa chini na joto la juu huyapinda mawimbi yaliyokuwa yakitoroka, ukayarudisha yaufuate mviringo wa dunia, na ukiwa mkali huyafungia ndani yakasafiri mamia ya kilomita kama maji katika mfereji. Jua likichomoza na kuipasha ardhi moto, mpaka huvunjika, na asubuhi haijakomaa kila kituo kimekwisha kurejea kwao.

Baharini jambo hili ni kubwa zaidi. Katika Vita Vikuu vya Pili vya Dunia rada iliyowekwa Bombay ilikuwa ikiiona pwani ya Arabuni, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,500, katika miezi ya joto itanguliayo mvua za Bara Hindi, na pepo za mvua zikivuma ikawa haiioni tena. Manahodha wa majahazi, ambao tangu azali walijua kwamba bahari ile ina majira ya kufunga na majira ya kufunguka, nadhani wasingelistaajabu sana.

Kwa kuwa kila kitu huletwa na hewa, mtu huweza kuuliza ufundi wa msikilizaji u wapi. U katika antena, kwanza, ambayo si lazima inunuliwe: wimbi la megahezi 100 lina urefu wa mita 3, hivyo waya wa mita moja na nusu, uliokatwa katikati na kutandazwa kuukabili upande unaotakiwa, hutosha kuanzia, na zile antena za mbavu ndefu zilizoachwa mapaani tangu televisheni ya analojia ilipozimwa mwaka 2015 zina aluminiamu ya kutosha kwa mwenye mikono. Lakini zaidi ya yote u katika sikio. Redio ya FM haichanganyi sauti mbili. Yenye nguvu kidogo tu kuliko mwenziwe huitwaa nafasi yote, na kwa sababu hiyo kituo cha mbali hakiji kwa kunyemelea, bali humsukuma kando mtangazaji wa karibu katikati ya sentensi, kikasema maneno yake manne matano, kisha kikasukumwa nacho. Mtu asiyezoea hudhani redio imeharibika. Aliyezoea huacha kila kitu, akasikiliza.

Na anachokisikiliza si muziki, kwa maana muziki ni ule ule Kabati na Kilindini; anangoja yale mambo madogo ambayo mtangazaji hayasemi ila kwa watu wake: bei ya samaki, tangazo la maziko, jina la mtaa, lafudhi ya Kimvita isiyoweza kuigwa. Adhana ya magharibi ni ushahidi bora kuliko yote, kwa kuwa jua la Mombasa, katika miezi ya Machi na Septemba, hutangulia kuchwa kwa karibu dakika 7 kabla ya la Kabati, na Mwislamu wa Kabati aliye katika saumu ambaye angefuturu kwa adhana hiyo angekuwa amefuturu mchana. Sijui kama kuna ala nyingine ya bei hiyo imwonyeshayo mtu kwa sikio kwamba dunia ni mviringo.

Nitaambiwa kwamba siku hizi kituo chochote cha Mombasa hupatikana kwa simu, saa yoyote, bila mvumo. Ni kweli, na mwenye haja ya habari na aitumie simu. Lakini simu haimwambii mtu lolote juu ya hewa iliyo kati yake na bahari, ilhali yule mwenye daftari, aandikaye tarehe, saa, masafa, hali ya mawingu na maneno aliyoyasikia, baada ya misimu kadhaa huwa ameandika historia ya tabia ya anga ambayo hapana mwingine kijijini aliyeiandika. Kazi hiyo hudumu hadi mvua za Novemba, ambazo Ukambani ndizo za kutegemewa. Zikianza, hewa huvurugika, vituo vya mbali hutoweka, na msikilizaji, ambaye ni mkulima kama wenzake, huifunga redio ndani ya mfuko wa plastiki akaenda kupanda kunde na mbaazi.