Mlima Hushukwa Mezani

Kutoka Dallas hadi El Paso ni maili 635 hivi, yaani kilomita 1,020 na ushei. Sheria ya Marekani inampa dereva wa lori la mizigo saa 11 za kushika usukani, nazo lazima ziishe ndani ya saa 14 tangu alipoanza kazi. Akizimaliza hupumzika saa 10 mfululizo ndipo arudi barabarani. Piga hesabu kwa mwendo wa wastani wa maili 58 kwa saa, ukizingatia foleni ya Fort Worth na vilima vya Ranger, utakuta El Paso inafikika kwa siku moja na zinabaki dakika tatu. Dereva mchanga huiona hesabu hiyo akafurahi. Aliyekomaa huiona akaamua kulala Van Horn, maili 120 kabla ya El Paso.

Uamuzi huo wa Van Horn ndio ninaotaka kuusifu. Watu husifu mkono wa dereva: anavyorudisha tela kinyumenyume kwenye mlango wa ghala, anavyokata kona bila kupanda ukingo. Mkono ni jambo kubwa, sikatai. Lakini safari ya milima na jangwa, ukiwa na tela la futi 53 mgongoni, huamuliwa kabla ufunguo haujazungushwa, na ufundi wa kuipanga una mabingwa wake ambao hakuna anayewapigia makofi.

Wengi wao naishi nao. Vickery Meadow, kaskazini mashariki mwa Dallas, ni mtaa wa majumba ya kupanga uliojengwa kwa ajili ya vijana wasio na familia. Mwaka 1988 sheria ya nchi ilikataza wenye nyumba kuwafungia mlango watu wenye watoto, na mtaa ukaanza kubadilika. Kisha wakaja wakimbizi, wimbi baada ya wimbi. Leo ukipanda ngazi unakutana na Kiswahili cha Uvira, cha Bujumbura na cha watoto waliozaliwa kambini, Kakuma au Nyarugusu. Lori lenyewe hulioni hapa. Tela la zaidi ya mita 16 haliingii kwenye maegesho yetu. Linabaki kusini ya jiji, upande wa Wilmer na Hutchins kwenye maghala. Kinachorudi nyumbani na dereva ni karatasi zake.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini alijifunzia udereva kwenye miteremko ya Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, ambako barabara imechongwa ubavuni mwa mlima na ukikosea hakuna wa kukuokota. Jioni ya kuamkia safari meza yake huondolewa vyombo. Huweka juu yake kitabu cha ramani za malori cha Rand McNally, chenye kurasa ngumu zisizolowa chai, na kingine kiitwacho Mountain Directory West, ambacho kazi yake ni kueleza miteremko tu: ipo maili gani, ina ukali gani, inapinda wapi, njia ya kuokolea lori lililokosa breki iko upande gani. Simu nayo ipo, kwa ajili ya upepo na theluji. Ila anaanza na penseli, na anaanza mwisho wa safari. Mzigo unatakiwa Los Angeles Alhamisi saa mbili asubuhi? Basi Jumatano usiku alale wapi? Kabla ya hapo awe wapi jua likiwa kali? Anairudi barabara kinyume, toka Los Angeles hadi mlangoni kwake, na kila anapotua anaandika majina mawili ya vituo vya malori, kwa sababu cha kwanza huenda kimejaa. Ni jambo dogo hilo, la majina mawili, lakini ukitaka kumjua aliyefundwa, mtazame hapo.

Kisha huandika kadi. Nimeishika mkononi: kipande cha karatasi ngumu chenye upana wa kiganja, mistari ya Kiswahili kwa herufi kubwa zisomekazo kwa jicho moja. Jina la mlima, namba ya maili, asilimia ya mteremko, gia ya kushukia, mwendo usiopaswa kuvukwa. Pembeni yake ameandika maneno ya kibao cha Kiingereza kama yalivyo, ili akikiona asianze kujiuliza. Hilo nalo limekuwa la lazima zaidi tangu Juni 2025, ambapo dereva anayeshindwa kujibu maswali ya askari kwa Kiingereza au kusoma vibao husimamishwa papo hapo.

Gia ya kushukia ndiyo roho ya kadi hiyo. Penye handaki la Eisenhower, barabara kuu ya 70 jimboni Colorado, dereva yuko mita 3,400 juu ya usawa wa bahari. Denver iko mita 1,600. Lori na mzigo wake, tani 36 kwa kipimo cha juu cha sheria, litashushwa mita 1,800, na nguvu yote ya kimo hicho lazima igeuke joto mahali fulani: ama kwenye injini, ama kwenye ngoma za breki. Ngoma ikipata moto mno hutanuka na kujitenga na viatu vya breki. Breki inazidi kulegea, na dereva akizidi kukanyaga anazidi kuchochea moto uleule. Kwa hiyo gia ndogo huingizwa kileleni, kabla ya kushuka, maana lori likishachanganya mwendo gia hiyo haiingii tena. Injini ndiyo ibebe uzito. Breki hukanyagwa kwa nguvu ya kutosha, kama sekunde tatu, mpaka mwendo upungue maili tano chini ya ule uliopangwa, halafu huachiwa ipoe. Mwendo ukipanda tena, anarudia.

Maneno hayo ni mepesi ukiwa umekaa. Ugumu wake ni kwamba mlima wa Denver una hila. Baada ya maili nyingi za mteremko, nchi hufunguka, jiji linaonekana kule chini, na macho yanaapa kwamba tambarare imefika. Haijafika. Serikali ya Colorado imeweka vibao vinavyowaonya madereva wa malori wasidanganyike, bado kuna mteremko mkali na kona mbele. Aprili 25, 2019, kijana wa miaka 23 aliyeishi Houston, akiwa na shehena ya mbao, alishuka pale bila breki, akaipita njia ya kuokolea, akagonga foleni ya magari huko Lakewood. Watu wanne walikufa. Desemba 2021 alihukumiwa miaka 110, na kabla mwezi haujaisha gavana akaipunguza kuwa 10. Mahakama na mitandao vilibishana juu ya miaka; mimi nawafikiria wale wanne kwanza. Halafu namfikiria kijana anayetokea Houston, kwenye nchi iliyolala kama mkeka, akapewa Milima ya Rocky. Je, kuna aliyekaa naye mezani?

Sisi hatuna haja ya kufundishwa na Colorado kwamba mlima unaua. Kenya inaijua Salgaa na mteremko wa Sachangwan, ambako madereva waliweka gia huru ili kuokoa lita chache za dizeli, na lori likawa halina wa kulishika. Tanzania inaijua Kitonga. Tena dereva wetu wa Mombasa hadi Kampala hubeba mzito zaidi: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu mpaka tani 56, akapimwa Mariakani, Gilgil na Webuye. Kwa hiyo anayetoka huko haji Texas mikono mitupu. Anachojifunza upya ni kwamba hapa utingo hayupo. Kuangalia kioo cha upande wa pili, kugonga tairi, kuamka usiku kusikiliza kelele ngeni, yote ni yake peke yake, na lile alilokuwa akimwachia utingo sasa lazima aliweke kwenye mpango.

Jangwa lina hesabu nyingine kabisa. Mwaka 2023 Phoenix ilikaa siku 31 mfululizo joto likifika au kupita nyuzi 43, na lami ni moto kuliko hewa. Hewa ndani ya tairi ikipata joto hujaa zaidi, na mtu asiyejua hushawishika kuipunguza. Akiipunguza, tairi linalegea, ubavu wake unapinda kila mzunguko, linazidi kuchemka, mwishoni linachanika. Kanuni ni kutopunguza hewa ya tairi lililo moto, kulikagua kila saa mbili au kila maili 100, na likiwa la moto kiasi cha kutogusika, kusimama mpaka lipoe. Kusimama huko kunakula saa. Ndiyo maana kwenye mpango mzuri wa Julai, kipande cha Phoenix kwenda Blythe na Indio huvukwa usiku.

Wazee wetu walilijua hilo bila tairi. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipaswa kuvuka Mgunda Mkali, nyika iliyo kati ya Ugogo na Unyanyembe, ambako maji yalikuwa ya shida. Mahali kama hapo watu hawakuondoka alfajiri kama siku nyingine. Walipika na kunywa penye maji, wakajaza vibuyu, wakaondoka jua likishaegemea, wakaenda hadi usiku, wakalala pakavu, na kesho yake mapema wakaingia penye maji mengine. Hiyo ndiyo iliyoitwa terekeza. Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alipaswa kuiamua watu wangali wameshiba, maana katikati ya kiu kila mtu ana shauri lake.

Na hapo ndipo ninapoona kiini cha ufundi huu. Kila kitu kwenye kadi ni jambo lililokatwa mapema ili lisije likakatwa na haraka, usingizi au aibu. Mfano mzuri ni vumbi. Penye bonde kavu la Lordsburg, New Mexico, upepo unaweza kunyanyua vumbi mpaka usione pua ya lori lako. Mwili utakuambia uwashe taa zote. Ushauri wa idara za barabara ni kinyume: toka kabisa nje ya barabara, zima taa zote, ondoa mguu kwenye breki. Ukiacha taa za nyuma zinawaka, anayekuja nyuma atadhani bado unakwenda, atazifuata, na atakuja kukugonga ulipo. Mtu hawezi kubuni jambo hilo ndani ya vumbi. Lazima awe nalo toka nyumbani. Upepo nao vivyo hivyo: tela tupu kwenye kipito cha Guadalupe, zaidi ya mita 1,600 juu, hupinduliwa na upepo ambao lenye shehena lingeustahimili, na uamuzi wa kusubiri huwa mwepesi ukiwa umeshaandikwa.

Siku moja nilikuwa kwa jirani, simu ikalia. Kijana aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo Mzee. Niko Van Horn. Saa zimebaki mbili na nusu, nisukume?"

"Marahaba. Jua liko wapi, mdogo wangu?"

"Linaanza kuteremka."

"Basi liko machoni mwako mpaka El Paso. Utaingia mji huoni taa za breki za mwenzako, na wote wanatoka kazini. Umeegesha?"

"Nimeegesha."

"Lala. Kesho utaondoka likiwa mgongoni."

Kisha akamkumbusha saa. Magharibi ya Van Horn majira hubadilika na saa ya simu hurudi nyuma, lakini kifaa kinachorekodi saa za kazi hufuata majira ya kituo cha kazi anakotokea dereva. Anayeisoma simu hujiona amezawadiwa saa nzima.

Mke wa jirani hakuwa ameinua kichwa muda wote huo. Alikuwa anafunga sombe, yaani kisamvu, kwenye vibakuli, kimoja kwa kila usiku, vigande kabla ya kuingia kwenye friji ya lori. Idadi ya vibakuli aliipata kwenye ile karatasi ya penseli. Mpango wa safari una mikono zaidi ya miwili.

Lenye kuniudhi ni malipo. Madereva wengi wa safari ndefu hulipwa kwa maili, yaani kwa magurudumu yanayozunguka. Jioni nzima ya mezani haina hata senti, na usiku wa Van Horn, uliookoa mtu tusiyemjua kwenye taa za El Paso, kwenye hesabu ya kampuni unaonekana kama uzembe wa maili 120. Ningependa kuona jioni hiyo ikilipwa kama sehemu ya kazi, na shule za udereva zikiifundisha kwa siku kadhaa. Kwa sasa inafundishwa kwa simu na kwenye ngazi za majumba yetu, kwa Kiswahili, bure.

Wiki hii jirani ana mzigo wa Denver. Kwenye ramani kuna barabara ya 287 hadi Amarillo, halafu njia ya kupanda Raton, mita 2,388, inayofungwa theluji ikizidi. Ameshaandika namba ya maili na gia. Mbele ya mstari wa Raton ameacha nafasi wazi ya kuandika jina la mji wa kusubiria.